Jedwali la Mama Stajiere

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili jioni, siku ya Jumamosi, mbingu ya upande wa Nyiragongo ilianza kuwa nyekundu. Nina uhakika wa dakika hiyo kwa sababu mashine zangu za kompyuta huonyesha saa katika kona ya chini ya kioo, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanafunzi wangu nikisoma alichokuwa anachapa. Alikuwa mwanamke wa makamo, amefunga kitambaa cha kahawia kichwani, akiandika kwa kidole kimoja barua pepe ya kwanza ya maisha yake. Nje watu walianza kupiga kelele. Jirani yangu anayeuza makala, yaani mkaa wa kupikia, aliingiza kichwa mlangoni.

"Papa Mashine, volkano! Toka, moto iko inashuka!"

Nikamwambia yule mama tuondoke. Hakuinua macho.

"Minakuya," alisema, yaani ninakuja. "Hii barua imeenda ao bado?"

"Bado. Mtandao ni mzito."

"Basi tungoje kidogo. Siwezi kuiacha njiani."

Barua iliondoka saa kumi na mbili na dakika arobaini na sita. Ndipo aliposimama, akapangusa kibodi kwa pindo la kitenge chake, akanisaidia kupakia mashine mbili kwenye chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao tunayobebea mizigo. Tukaisukuma pamoja kuelekea barabara ya Sake, katikati ya watu waliobeba magodoro na watoto. Nilikuwa sijalijua jina lake. Baadaye nililijua, lakini sitaliandika, na sababu itaonekana. Mtaani kwetu Ndosho wote walimwita Mama Stajiere.

Stajiere ni mwalimu ambaye hajawa mwalimu. Amesoma katika taasisi ya ualimu, na kabla ya kupewa diplome yake hutumwa katika shule fulani kwa miezi kadhaa, afundishe chini ya macho ya wengine. Vijana wengi humaliza jambo hilo mara moja wakalisahau. Yeye alilianza mara tatu. Mara ya kwanza mlima ulimkatiza: shule aliyopangiwa ilibaki upande wa pili wa lava, na ilipofunguliwa tena mwaka wa masomo ulikuwa umekwisha. Mara ya pili alipelekwa Kiwanja. Waasi wakashuka, madarasa yakajaa wakimbizi waliolala juu ya madawati, naye akarudi Goma kwa miguu akiwa na mfuko mmoja. Mara ya tatu ndiyo nitakayoieleza hapa. Na kabla ya hizo zote alikuwa amefundisha Kalengera miaka kumi na moja bila diplome, wazazi wakimlipa kwa maharage. Alikuwa mwalimu muda mrefu kabla ya kuwa mwanafunzi.

Mama Makala, yule jirani yangu, hakumwacha apite bila neno.

"Mama Stajiere! Batoto yako bataoa, na weye ungali stajiere!"

"Bakioa nitabafundisha hesabu ya ng'ombe za mahari."

"Na wajukuu yako?"

"Bale nitabaachia weye, ubafundishe kupima makala bila kuiba."

Mama Makala alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akamwongezea vipande viwili vya makala kwenye mfuko. Sikumbuki siku ambayo Mama Stajiere alicheka yeye mwenyewe. Alisema maneno ya kuchekesha kwa uso uleule aliotumia kusahihisha imla.

Duka langu ni sekretaria: chumba cha mbao ambamo watu huandikiwa barua, hupigiwa nakala na kuchapishiwa karatasi. Mimi niliacha shule katika mwaka wa pili wa sekondari. Kompyuta nilijifunza kutoka vitabu vya maelekezo vilivyotupwa na ofisi moja ilipohama, na nilivisoma ukurasa kwa ukurasa, hata zile kurasa zilizohusu mashine nisizokuwa nazo. Kwa hiyo sikuwa mwalimu wa mtu. Lakini taasisi yake ilikuwa imetoa agizo jipya: kila stajiere aonyeshe kwamba anaweza kutumia vyombo vya mtandao darasani, yaani jedwali la alama, kikundi cha wazazi kwenye simu, na somo lililorekodiwa. Wenzake vijana hawakuona tabu. Yeye alikuja kwangu na daftari.

"Papa, chaki naijua," alisema. "Hii ingine unifundishe kama mutoto ya premiere, ya darasa ya kwanza."

Nilimfundisha Jumanne na Jumamosi. Ilinichukua wiki tatu kuelewa namna yake. Hakukubali kugusa kitu kabla hajakichora. Alikuwa akiokota karatasi za mifuko ya simenti, akazikata kwa wembe, akachora juu yake kioo chote: kila kitufe, kila alama, na chini yake maelezo kwa maandishi ya shule ya zamani, yaliyolala kidogo upande wa kulia. Akishamaliza mchoro aliubonyeza kwa kidole mara kadhaa, kimya, kama anayesali. Baadaye tu ndipo alipoigeukia mashine.

"Kitu usichokichora, haujakiona," alisema nilipomwambia anapoteza muda.

Nilidhani ni ukaidi. Kisha nikaona kwamba hakukosea mara mbili mahali pamoja. Kijana mmoja wa taasisi yake, aliyekuwa anabonyeza haraka kuliko macho yangu, alifuta kazi yake ya mwezi mzima dukani mwangu, akapiga meza kwa ngumi. Mama Stajiere alimtazama.

"Mashine haina haya, mutoto yangu. Utaipiga, utaitukana, itakuuliza kilekile. Rudilia polepole."

Alikuwa na maneno mengine ya namna hiyo. Kuhusu mega, ambazo ndizo tunanunua ili kuingia mtandaoni, alisema ni kama chumvi: unatia kidogo, unaonja, unafunika chombo. Na kweli alifungua mtandao kwa dakika moja, akachukua alichokitaka, akaufunga, huku kazi nyingine zote akizifanya mtandao ukiwa umezimwa.

Mara moja nilikwenda kumwona akifundisha. Ilikuwa katika shule ya mbao karibu na kambi ya Mugunga, darasa la tano, wakati wa stají yake ya tatu, yaani yale mazoezi ya ualimu. Nilikuwa nimemletea karatasi alizochapisha. Watoto walikuwa arobaini na saba na simu ilikuwa moja, yake, iliyofungwa katika mifuko mitatu ya plastiki kwa sababu ya vumbi la mawe. Alikuwa amechora kioo cha simu ubaoni, kikubwa kama mlango. Mbele alisimamisha msichana mmoja, huyo ndiye simu. Nyuma alisimamisha mwingine, huyo ndiye mashine kubwa ya mbali inayotunza habari. Katikati, juu ya dawati, alisimama mvulana mrefu kuliko wote, mikono juu: huyo ndiye anteni. Ujumbe ulikuwa karatasi iliyopitishwa mkono kwa mkono.

"Anteni, kaa chini," alisema.

Mvulana akakaa. Karatasi ikakwama.

"Sasa ujumbe iko wapi?"

"Iko kwa mikono ya Espérance!" darasa likaitika.

"Espérance anaweza kuisoma?"

Yule Espérance, aliyekuwa na karatasi mkononi, akasema kwa sauti ndogo: "Nimeshaisoma, madamu."

Watoto walicheka. Mama Stajiere hakucheka. Alimtazama mtoto yule, akageukia ubao, akaendelea na somo. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi. Jibu zima lilikuwa mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na moja, na sisi watu wazima wawili tuliokuwa chumbani tulilisikia na kulipita.

Alikuwa mwoga wa baadhi ya mambo na jasiri wa mengine bila mpango ninaoweza kuueleza. Alibandika plasta juu ya jicho la kamera ya simu yake, mchana na usiku. Hakuweka picha yake popote. Alipopigiwa na namba asiyoijua alimpa simu Mama Makala aitikie kwanza. Lakini karatasi yenye mistari na safu aliiamini kama Wakristo wengine wanavyoiamini Injili. Hilo lilikuwa na chanzo. Alipokimbia Kalengera, kabla ya kuingia taasisi, shule iliungua pamoja na rejista zake zote. Watoto wake wa darasa la sita walifika Goma wakitaka kufanya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, wakaulizwa: mlisoma wapi, na nani anathibitisha? Yeye alikwenda ofisi baada ya ofisi akisema, mimi ndiye niliyewafundisha. Wakamwuliza karatasi iko wapi. Watoto kumi na tisa hawakufanya mtihani mwaka ule. Baadhi hawakurudi shule tena.

Ndiyo maana aliijaza rejista yake kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, kijiji walikotoka, kundi na lokalite, yaani migawanyo ya utawala ya kwao, tarehe ya kufika Goma, mahali wanapolala sasa, namba ya hema, namba ya simu ya mzazi.

"Kolone tupu," aliniambia akionyesha safu isiyojazwa, "ni mutoto aliyesahauliwa."

Basi agizo la taasisi lilipomtaka aweke darasa lake katika jedwali la mtandaoni, hakuweka alama peke yake. Aliiweka rejista nzima. Alifurahi, kadiri alivyoweza kufurahi, kwa sababu hatimaye alikuwa amepata rejista isiyoungua. Nilimweleza tena na tena jambo lililompendeza kuliko yote: kwamba jedwali lile hukumbuka. Kila unachoandika, linaandika saa yake. Ukifuta, linaweka umbo la zamani chini, na mwenye ruhusa anaweza kurudi nyuma na kuliona lilivyokuwa juzi na mwezi uliopita. Asista, yaani mwalimu kijana wa taasisi aliyemsimamia, alisema hicho ndicho atakachokitumia kumpa alama. Karatasi mtu anaweza kuzijaza zote siku moja kabla ya ukaguzi. Saa za jedwali hazidanganyi.

Asista alitaka pia kiungo kiwe wazi, aweze kukifungua popote alipo. Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Nilimsogeza Mama Stajiere pembeni kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, nikachagua maneno yanayosema kwamba yeyote mwenye kiungo anaweza kusoma. Ni hatua pekee ambayo hakuichora kwanza. Jioni ileile yeye alikituma kiungo katika kikundi cha wazazi, waone alama za watoto wao. Kikundi kilikuwa na namba sitini na mbili. Hatukufikiri kwamba katika nchi yetu simu hubadilisha mikono njiani, kwenye vizuizi, na kwamba namba iliyokuwa ya mzazi mwaka jana huenda leo iko katika mfuko wa mtu mwingine. Tulilijua jambo hilo, kila mtu wa Goma analijua. Hatukulifikiri.

Miezi minne ilipita hivyo. Alibakiwa na wiki mbili tu amalize.

Wakati huo mapigano yalikuwa yamefika Sake, na mizinga ilisikika mchana, mizito, kama mtu anayeangusha magunia kwenye ghorofa ya juu. Siku ya Ijumaa, saa saba na robo mchana, baba mmoja wa Mugunga aliingia dukani akiwa na Mama Stajiere. Alikuwa mchungaji wa ng'ombe kutoka Masisi, mtu mwembamba, hakukaa alipopewa kiti.

"Muzee, uelezee Papa Mashine vile umenielezea," mama akamwambia.

"Mutu alinipigia asubuhi," yule baba alisema. "Simujui. Akaniita jina yangu yote, na jina ya bibi yangu. Akasema: uko ndani ya hema namba fulani, mutoto yako anasoma kwa Madamu. Tunakuya kukusalimia."

"Alitaka nini?"

"Hakusema. Mimi nilikuwaka na shida na batu kule nyumbani, mambo ya mashamba. Hakuna mutu wa hapa alijua kijiji yangu. Hakuna. Niliisema fasi moja tu, kwa shule, siku ya kuandikisha mutoto."

Mama Stajiere alikuwa amefungua jedwali kwenye simu yake. Alimwonyesha mstari wa mtoto wake. Yule baba hakujua kusoma vizuri, lakini namba ya hema aliitambua. Aliweka kidole juu yake, akakiondoa haraka kama aliyeungua. Hakumtukana. Alisema tu, "Kumbe," akatoka. Tulisikia baadaye kwamba saa ileile alibomoa hema lake na kuondoka na watu wake.

Nilifunga kiungo papo hapo. Nilidhani nimemaliza. Nilimwambia sasa hakuna asomaye ila yeye na Asista.

"Na kama bakiingia mujini, bakamushika Asista?"

Nikaondoa mikono kwenye kibodi.

"Na miye, kama bakanishika miye? Ukifunga mulango, na funguo iko kwa mufuko yangu, bataichukua. Batanipiga mara ngapi mbele nitoe namba ya siri? Miye sijui, Papa. Labda mara tatu. Labda moja."

Nikapendekeza tufute safu za vijiji na mahema, tubakize majina na alama. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza, na nikaona aibu, kwa maana mimi ndiye niliyemfundisha. Jedwali hukumbuka. Ukifuta safu, iko chini. Ili kuondoa mahema ilikuwa lazima kuliondoa jedwali zima, na pamoja nalo saa zote, masomo yote ya miezi minne, kila kitu ambacho Asista angetazama.

Alimpigia Asista, akamwambia anataka kulifuta. Aliweka sauti nje nami nikasikia.

"Madame, usifanye hivyo," Asista alisema. Alikuwa kijana mwenye adabu, nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wanaofunga mizigo. "Ungoje nirudi taasisi. Nitaona namna ya kulihamisha."

"Utarudi siku gani?"

"Sijui. Barabara iko vile unaona."

"Uko na alama zangu fasi ingine?"

"Hapana, Madame. Ziko humo. Ukifuta, sitakuwa na kitu cha kukotesha, cha kukupa alama. Jury ya matokeo haitanisikiliza. Hii ni mara yako ya tatu, Madame. Reglema haikubali ya nne bila kuandikishwa upya tangu mwanzo."

"Naelewa."

"Basi ungoje."

"Asista, aksanti. Mungu akuchunge." Akakata simu.

Mtandao ulikuwa na mistari miwili, kisha mmoja. Betri ya duka ilikuwa asilimia thelathini na moja. Alikaa mbele ya mashine, akatoa karatasi ya simenti na kalamu kwenye mfuko wake.

"Nionyeshe njia yote," alisema. "Kwanza kwa maneno."

Nilimwambia hakuna wakati. Alichora hata hivyo, mistari michache tu: jedwali, kikapu cha taka, kikapu tupu. Nilimweleza kwamba kufuta peke yake hakutoshi, kwa kuwa kitu kilichofutwa hulala katika kikapu siku thelathini na mtu anaweza kukiinua. Ni lazima kuingia katika kikapu na kukifuta huko mara ya pili, na mashine itauliza kama una hakika, na baada ya hapo hakuna wa kukirudisha, hata mimi, hata Asista.

Alifuta mara ya kwanza. Duara la kungojea lilizunguka kwa muda mrefu. Mizinga ilisikika miwili. Mama Makala alikuwa amekuja, amesimama mlangoni bila utani.

Kikapu kilifunguka. Mashine ikauliza kama ana hakika.

Hakubonyeza mara moja. Aliuweka mkono juu ya meza, akaanza kutaja majina kwa sauti ya chini, jina kwa jina, kwa utaratibu wa rejista, na alipofika la arobaini na saba akabonyeza. Ilikuwa saa nane na dakika tisa. Mtandao wa mji ulikatika kabla ya saa kumi.

Kulikuwa na nakala mbili nilizowahi kumchapishia direktere wa shule. Mama Stajiere alikwenda kuzichukua mwenyewe, akazirudisha, na Mama Makala akazitia katika mbabula, jiko lake la makala, iliyokuwa na sufuria ya maharage juu. Tulisimama hapo mpaka zikaisha.

Mji ulibadilisha watawala siku chache baadaye. Mtandao uliporudi, wanaume watatu waliingia dukani mwangu saa nne asubuhi. Sikuwauliza ni wa upande gani. Mmoja alikuwa na kiungo kile, kimeandikwa kwa mkono katika kipande cha karatasi, mlolongo wote wa herufi bila kosa hata moja. Aliniamuru nikifungue. Nilikifungua. Kioo kikasema kwamba faili hilo halipo. Akaniamuru nijaribu tena. Nikajaribu tena. Aliniuliza ni la nani, nikasema watu wengi huingia hapa kuchapisha. Walichukua simu yangu, wakatoka. Ni lazima niseme hapa jambo ninalolijua: kwamba hawakulikuta jedwali siku hiyo haithibitishi kwamba hakuna aliyelinakili kabla. Lilikaa wazi miezi minne. Yule aliyempigia mchungaji alikuwa amelisoma. Sijui alisoma mistari mingapi.

Kambi za Mugunga zilivunjwa. Watu walitawanyika, wengine kurudi vijijini, wengine kwingine. Mama Stajiere aliondoka bila kuaga, na kwa muda wa miezi kumi na tatu sikupata habari yake.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokuwa natoka kumzika shemeji yangu Kiwanja. Pikipiki ilitoboka gurudumu Kalengera, na dereva akaniambia tutakaa hapo nusu saa. Upande wa juu wa barabara palikuwa na shule ya mbao mpya zenye harufu, bila madirisha. Nilisikia sauti kabla sijamwona.

"Nani ataisoma?" sauti iliuliza.

"Mutu tunamujua na mutu hatumujui!" watoto wakajibu pamoja.

Nilisogea mlangoni. Ubaoni palikuwa na kioo cha simu kilichochorwa kwa chaki, na ndani yake jedwali lenye safu moja tu. Kila mtoto alikuwa anaitwa mbele aseme kitu anachotaka kuandika humo, na kabla ya kupewa chaki ilimpasa kujibu swali lile. Mtoto mmoja alisema anataka kuandika alama yake ya hesabu. Alipewa chaki. Mwingine alisema jina la kilima chao. Darasa lote likapiga kelele, hapana, naye akarudi kuketi akitabasamu. Simu sikuiona. Nadhani haikuwepo.

Aliponiona alitoka nje, akipangusa mikono. Mvi zilikuwa zimeongezeka. 

"Papa Mashine. Uko muzima?"

"Niko, mwalimu."

"Usiniite mwalimu. Direktere atasikia, ataniomba diplome." Aliutazama mkono wangu, uliofungwa kitambaa cheusi cha msiba. "Mwenye kufiwa hapitaki bila kukaa. Kaa."

Tulikaa juu ya ubao uliobaki wa ujenzi. Alinieleza kwamba anafundisha darasa la nne na la tano pamoja, kwamba wazazi wanatoa wanachoweza, na kwamba Asista alikuwa amemwandikia barua nzuri ambayo jury haikuipokea. Aliyasema hayo kwa mpangilio, bila kulalamika, kama anayesoma taarifa ya mtu mwingine. Nilimwambia kuhusu wanaume watatu na kipande cha karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwomba msamaha kwa kiungo kile, kwamba mimi ndiye niliyekiweka wazi.

"Ulikiweka wazi," alisema, "na miye nilijaza. Tusigombanie."

Dereva alipiga honi. Gurudumu lilikuwa limekwisha kuzibwa. Niliposimama nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba miezi kumi na tatu: siku ile, kwa jumla, alipoteza nini?

Alijibu macho yakiwa kwenye barabara.

"Arobaini na moja nimebaona, ao nimesikia sauti yabo. Bako na baba zabo. Nimeenda kwa miguu mpaka Rutshuru, nimeuliza hata kwa masoko. Bamebaki sita. Sijui bako wapi. Sijaandika fasi yoyote. Nabahesabu kila asubuhi kwa kichwa."

Nilingoja, maana ilionekana bado anahesabu. Ndani watoto walikuwa wameanza kupiga kelele, naye akageuka kuwarudia. Alipofika mlangoni alikumbuka kwamba hakumaliza kujibu.

"Na minervali ya mwaka ule, ile feza ya masomo ya taasisi. Niliuza ng'ombe ya mwisho ya mama yangu. Wanasema hairudishwi." Aliokota chaki iliyokuwa imeanguka kizingitini. "Dola mia tatu themanini na tano."